Siku Tuliyopiga Kura Jikoni kwa Kukhu Rodah

Juzi msichana mmoja wa ofisi ya jinsia ya kaunti alinipigia simu. Sauti nzuri, adabu tele. Alitaka nije kwenye Siku ya Wanawake niwaeleze vijana jinsi serikali ilivyowapa wanawake wa Kakamega haki zao. "Dakika chache tu, Mama," akasema, "na tafadhali tusiingize siasa." Nilicheka mpaka akadhani laini imekatika. Nikamwambia, mwanangu, ukitoa siasa katika habari hiyo kitakachobaki ni chai na mandazi. Tena hakuna aliyetupa kitu. Tulivuta, tukavuta, mpaka walioshika upande wa pili wakachoka.

Hakupiga tena. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haina mtu wa kunionyesha saa. Nyinyi mnaoajiriwa siku hizi, wenye kadi shingoni na pikipiki za ofisi, ketini msome.

Miaka ya tisini nilikuwa afisa wa maendeleo ya jamii katika tarafa moja ya upande wa Malava. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vikundi vya akina mama, kuvitembelea kwa baiskeli, na kuwapatanisha waliogombana. Lakini kila mkubwa alipokuja kutoka Nairobi, nilitakiwa pia kuhakikisha wanawake wamevaa leso za kufanana na wamesimama kando ya barabara wakiimba. Hiyo haikuandikwa kwenye barua yangu ya kuajiriwa, na ndiyo pekee niliyopimwa nayo. Vikundi vikifa kwa ugomvi, hakuna aliyeuliza. Wanawake wakikosa kucheza mbele ya gari la waziri, kesho yake unaitwa kujieleza. Kikundi ambacho mwenyekiti wake alionekana akisalimiana na watu wa upinzani kilinyimwa mbegu, kikanyimwa na kibali cha kukutana. Halafu watu wananiambia nisiingize siasa.

Aliyenifunza kazi ni Mama Truphena, afisa aliyenitangulia, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu. Alikuwa mnene, mpole wa sura, na ulimi wake ulikuwa pilipili. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye baraza la chifu, akaniuliza naona nini. Nikaanza kutaja ajenda, mahudhurio, mambo niliyosomea chuoni.

"Viti, wewe," akasema. "Angalianga viti."

Nikaangalia. Wanaume wamekaa kwenye viti na mabenchi, wanawake wako chini kwenye nyasi, miguu wameinyoosha, watoto mapajani. Mama Truphena akanielezea taratibu: mwanamke aliyekaa chini akitaka kusema neno, lazima kwanza amkabidhi jirani mtoto, ajifunge leso vizuri, ajiinue. Akimaliza hayo yote, chifu ameshafunga mkutano kwa maombi. Tangu siku hiyo sikufungua mkutano kabla wote hawajakaa kwenye mabenchi, au wote hawajakaa chini. Wazee walinung'unika kwamba suruali zao zitachafuka. Niliwaambia hata sketi yangu inafuliwa kwa sabuni hiyo hiyo.

Alinifunza pia mambo ya saa. Usiitishe mkutano asubuhi, wanawake wako palizi kwenye miwa. Usiitishe jioni, obusuma, yaani ugali, iko jikoni na bwana anataka kula. Saa nane, tisa hivi, vyombo vimeoshwa na mahindi bado yanangoja kupukuchuliwa. Waambie waje nayo. Mwanamke ambaye mikono yake ina kazi husema maneno ambayo hawezi kuyasema mikono ikiwa bure mapajani. Na swali lenye uzito usimwulize mwanamke mumewe akiwa anamtazama. Utamwumbua, na jibu utakalopata litakuwa la mumewe.

Kitu cha mwisho alichonifunza kilikuwa cha chai. Tulikuwa kwenye mkutano wa wakuu wa idara, sisi wawili ndio wanawake pekee ukumbini, na sisi ndio tuliotakiwa kusoma ripoti ya maendeleo ya wanawake. Kabla hatujaisoma, mwenyekiti akatutazama, akaitazama meza ya chai, akatutazama tena. Mama Truphena aliinuka polepole. Akachukua chupa ya chai, akajimiminia kikombe kimoja, akatia sukari, akarudi kwenye kiti chake, akanywa. Wanaume ukumbi mzima walibaki wakimtazama mpaka akamaliza. Ndipo akafungua ripoti. Nilimpenda mwanamke yule kama mama yangu, na nikasema moyoni kwamba akiondoka, sitamwaibisha.

Akaondoka, ikaja Beijing. Nyinyi mnaisoma Beijing vitabuni, mkutano wa wanawake wa dunia nzima. Sisi tuliishi nayo kama tusi. Mke akichelewa sokoni Malava, anaulizwa, "Umetoka Beijing?" Msichana akikataa kuolewa, Beijing. Hata mimi kwa kupanda baiskeli nikaitwa Madam Beijing, na wengine walikuwa wakinisalimu hivyo kwa nia njema kabisa.

Lakini pamoja na matusi, waraka ulishuka kutoka juu: kila kamati ya mradi wa serikali au wa wafadhili iwe na wanawake. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe wanaume waliusoma kabla yangu. Nilipokwenda kukagua, kamati moja ilikuwa na wanawake kweli: mweka hazina alikuwa mke wa mwenyekiti, na yule wa pili alikuwa mama yake mzazi. Nilipouliza wao hufanya nini kwenye vikao, mwenyekiti akajibu kwa fahari, "Wanapikanga vizuri sana, Madam." Hapo nikafahamu kwamba waraka bila nguvu nyuma yake ni kitu cha kufungia karanga.

Sasa niwape habari ya Felesta, kwa sababu ndiyo iliyonifunza nguvu hiyo hutoka wapi.

Felesta Nanjala alikuwa mjane, bado kijana, na watoto wadogo. Shamba alilolima lilikuwa kwa jina la baba mkwe wake aliyefariki zamani, na chini kabisa ya shamba, kwenye mteremko, palikuwa na chemchemi. Kijiji kizima kilichota hapo. Shemeji yake, Barasa, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa mwenyekiti wa chama tawala katika lokesheni yetu. Mtu mkubwa wa mwili na wa maneno. Alikuwa amemwambia Felesta waziwazi: ama akubali arithiwe naye, awe mke mdogo, ama arudi kwao. Vyovyote vile, msimu utakaofuata shamba lile lingepandwa miwa mpaka majini.

Wakati huo huo ukaja mradi wa kujengea chemchemi: ukuta wa mawe, bomba, mahali pazuri pa kutekea. Wafadhili wangetoa saruji na fundi. Kijiji kingetoa mawe, mchanga na nguvu, na kuchagua kamati ya maji. Felesta alinifuata nikiwa nasukuma baiskeli kupanda kile kilima.

"Madam, mimi nataka hiyo kiti ya mwenyekiti," akasema.

Nilimwuliza kama anajua atashindana na nani.

"Najua. Mimi sitafuti ukubwa. Lakini mjane wakimfukuza, nani ataulizia? Watasema amerudi kwao. Wakifukuza mwenyekiti wa maji, kijiji yote itauliza ameenda wapi. Hiyo kiti ndiyo shamba yangu, Madam. Sina ingine."

Sijawahi kusikia sera ya jinsia ikielezwa vizuri kuliko hivyo, na nimehudhuria semina nyingi zenye chakula kizuri.

Siku ya uchaguzi naibu wa chifu alikuja na fimbo yake. Nilitaka kura ya siri. Akakataa. "Mlolongo," akasema. "Mtu anasimama nyuma ya yule anataka. Ndio chama inafanyanga." Huko Nairobi walikuwa wameshaacha mlolongo kwa aibu, lakini aibu ilikuwa haijatufikia. Barasa akasimama upande wa juu, Felesta upande wa majini. Wanaume wakaenda nyuma ya Barasa. Wanawake wakabaki katikati. Waliwatazama waume zao, na waume zao wakawatazama. Kisha mmoja mmoja, macho chini, wakapanda juu kwa Barasa. Walikuwemo wale waliomletea Felesta kuni na maji wakati wa msiba wa mumewe. Nyuma yake alisimama mtu mmoja tu, bibi kizee tuliyemwita Kukhu Rodah, yaani nyanya Rodah, ameegemea mkongojo.

Naibu wa chifu alihesabu upande wa Felesta kwa sauti kubwa, "Moja!" na watu wakacheka. Felesta hakulia. Alisimama wima mpaka mkutano ukafungwa. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na nilipomkaribia akaniambia, "Usiwakasirikie, Madam. Wanalala kwa nyumba zao. Mimi silali huko."

Basi Barasa akawa mwenyekiti. Siku ya kuleta mawe ikafika, saruji iko stoo, fundi amevaa ovaroli. Wanawake hawakuja. Sikuitisha mgomo, naapa, wala Felesta hakuitisha. Mmoja alikuwa na mgongo. Mwingine mtoto alikuwa moto kwa homa. Mwingine alikuwa na harusi Webuye. Juma lililofuata mgongo ulikuwa umemhamia jirani, na harusi ilikuwa bado inaendelea. Na mjue kwamba kwetu kubeba mawe kichwani ni kazi ya wanawake. Mwanamume atabeba begani au kwa mkokoteni, kichwani hapana. Wanaume wa Barasa walileta mkokoteni asubuhi moja. Njia ya kushuka chemchemini ni mteremko wa kuteleza, mkokoteni ukaenda wenyewe hadi kwenye matete na kuzama. Wakarudi nyumbani kupumzika.

Saruji ikaanza kushika unyevu. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, akaniita. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na kuna mkubwa aliyekuwa ameahidiwa chemchemi ya kufungua akipigwa picha.

"Agneta, wanawake wako wana shida gani?"

Nikamwambia, "Bwana D.O., siku ya kucheza ni wanawake wa chama. Leo wamegoma ndio wamekuwa wangu?"

Aliamua kutosikia. "Rudia huo uchaguzi. Fanya njia yoyote. Mimi nataka mawe."

"Njia yoyote?"

"Yoyote!"

Nilitoka pale nikiendesha baiskeli kama msichana. Niliwakuta akina mama kwa Kukhu Rodah wakiambua maharagwe, nikawaeleza. Tulihitaji mahali ambapo mtu anaweza kutia kura bila bwana, naibu wa chifu wala mwenyekiti wa chama kumwona. Shule ina madirisha. Kanisani naibu wa chifu ni mzee wa kanisa, angeketi mbele. Tukawaza, tukaambua. Ghafla mmoja wa akina mama akamtazama Kukhu Rodah, akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka mpaka kikamfikia mwenyewe.

Mnaona, naibu wa chifu alikuwa amemwoa binti ya Kukhu Rodah. Na nyinyi wa mjini mkiwa mmesahau, niwakumbushe: kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Akimwona njiani, anaingia vichakani ampishe. Haketi naye chumba kimoja, hali naye. Na jikoni mwake ndiko hawezi kabisa kukanyaga, afadhali ajiuzulu.

"Njooni kwangu," Kukhu Rodah akasema. "Mimi nitakaa tu kwa mlango. Nimezeeka, siwezi kusimamasimama."

Siku ilipofika nilitangaza mbele ya wote, kwa sauti, nikarudia: kila anayetumia maji ya chemchemi ile, mwanamume kwa mwanamke, ana kura, na mlango uko wazi. Kila mtu angepewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni Barasa, haragwe ni Felesta. Unaingia jikoni peke yako, unatia moja chunguni, nyingine unaitia mfukoni au kinywani, shauri yako. Wagombea wote wawili waliruhusiwa kukichungulia chungu nje, kabla hakijaingizwa jikoni, waone kiko kitupu.

Naibu wa chifu alifika na fimbo, akaona kigoda kimewekwa mlangoni na aliyeketi juu yake. Alisimama ghafla, akageuka nusu, akavua kofia, akarudi nyuma hadi mbali kwenye mikaratusi. Alikaa huko akiwa ametupa mgongo mpaka shughuli ikaisha. Kukhu Rodah naye alijifunika leso usoni kwa heshima. Nilikuwa karibu naye, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Barasa ndiye aliyenishangaza. Yeye hakuwa na mkwe pale. Angeweza kuingia. Alifika mlangoni, akainama aone ndani: mafiga, majivu, mbuzi mmoja amefungwa pembeni, moshi. Akanyooka.

"Mimi, Barasa, niingie jikoni ya mwanamke kutafuta kura?"

"Karibu, Mwenyekiti," nikasema. "Ni hatua moja tu."

"Siwezi! Na mwanamume yeyote mwenye heshima yake hataingia humo. Hii ni Beijing!"

Wanaume walimwangalia yeye, wakaangalia moshi. Vijana wachache waliingia, na mzee mmoja mcha Mungu ambaye alisema Yesu mwenyewe alizaliwa zizini. Wengine wote walibaki wamesimama na heshima yao, punje zao mikononi. Wanawake wakaingia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alikuwa akitafuna. Nilipomimina chungu kwenye ungo mbele ya watu, yalikuwa maharagwe, na mahindi machache kati yake. Barasa alipaza sauti kwamba wanaume wamenyimwa haki. Nikamwuliza ni nani aliyewazuia mlangoni. Akanyoosha kidole, kisha akaona amemnyooshea Kukhu Rodah, bibi kizee aliyejifunika leso, akakishusha.

Mtaniambia haikuwa sawa kuwatega kwa mila yao. Semeni. Mila hiyo ilikuwa imetufungia nje ya mabaraza na hati za mashamba miaka yote, na sikusikia mtu akisema si sawa. Siku ile moja ilitufanyia kazi sisi, na ningefanya tena hata kesho asubuhi.

Kesho yake migongo yote ilikuwa imepona. Mawe yalishuka mteremko ule juu ya vichwa, fundi akajenga, mkubwa akaja na kukata utepe. Wanawake waliimba, sikatai. Lakini hawakuanza mpaka Felesta alipoletewa kiti mbele.

Nilidhani yameisha. Nilisahau kwamba kura ya siri ilimpa Felesta kiti tu, na kiti ni mbao. Mvua za kwanza zilipoanza nilipata habari kwamba Barasa amekodi trekta. Nilifika jasho likinitoka. Trekta lilikuwa limeshaingia kwenye shamba la Felesta, jembe limeteremshwa, na Barasa anamwonyesha dereva mpaka majini. Wanaume wa kijiji walikuwa barabarani wakitazama, na naibu wa chifu kati yao. Hapakuwa na jiko la kujifichia. Felesta alikuwa amesimama mbele ya trekta katikati ya njia ya maji, peke yake, mtungi wa plastiki mkononi. Nikaikumbuka ile siku ya mlolongo.

Kisha nikamwona Kukhu Rodah akija na mkongojo na mtungi mdogo. Akasimama nyuma ya Felesta. Baada yake akaja mwanamke wa mgongo. Akaja wa harusi ya Webuye. Walitoka kwenye miwa, walitoka majumbani, kila mmoja na mtungi wake, wakapanga mstari nyuma yake mbele ya waume zao, mchana kweupe, na safari hii macho yao hayakuwa chini. Mstari ulipanda kilima hadi barabarani, ukapita mbele ya wanaume, na mmoja wa wanaume hao akampisha mkewe.

Barasa aliruka kutoka kwenye trekta. "Nyinyi wanawake, hiyo laini ni ya nini? Maji si iko kule chini?"

"Tumesimama nyuma ya mwenyekiti," mmoja akamjibu.

Dereva akazima injini. "Mzee," akamwambia Barasa, "mimi nimekuja kulima udongo, si watu." Naibu wa chifu alikuwa amefungua mdomo kusema kitu, akamwona mama mkwe wake mstarini, akavua kofia, akatazama upande wa pili.

Jembe likainuliwa. Trekta lilirudi kinyumenyume hadi barabarani na Barasa akalifuata kwa miguu. Sote tulibaki pale, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Felesta akageuka, akautazama mstari kuanzia kwa Kukhu Rodah mpaka ulikoishia juu.

"Haya basi," akasema, "si mchote maji? Mahindi yenu bado inangoja kupandwa." Akatangulia kushuka.